Nilimpeleka Mume Wangu Mwanza Yangu

Kila aliyesoma chuo mbali na nyumbani ana mji wake wa pembeni. Sio mji aliozaliwa, wala sio huu anaokimbizana nao kila asubuhi kwenda kazini. Ni ule alioujua akiwa na begi moja, godoro jembamba na njaa ya mwisho wa mwezi. Mwingine ana Morogoro, mwingine Iringa, mwingine Dodoma. Wa kwangu ni Mwanza.

Tatizo la miji hii ni kwamba mwenza wako haijui. Utamsimulia mpaka uchoke, naye atacheka pale anapotakiwa kucheka. Lakini mkikutana na marafiki zako wa chuo kwenye harusi ya mtu, mkaanza zile stori zenu, yeye anabaki ameshika soda yake akisubiri mfike mwisho. Msomaji, kama uko kwenye ndoa au ndio unaelekea huko, hebu jiulize: yule mtu uliyekuwa kabla hamjakutana, mwenzako amewahi kumwona?

Mimi nililetewa swali hilo na barua ya kazi.

Mwaka 2025 kazini kwa mume wangu walimwita wakamwambia kuna nafasi ya kusimamia ofisi ya Kanda ya Ziwa. Kituo ni Mwanza, mkataba miaka mitatu, nyumba juu yao, na mshahara unapanda. Akapewa wiki mbili za kufikiria. Yeye ni mtoto wa Tanga, Ziwa Victoria alikuwa analijua kwenye ramani. Mimi nina kazi yangu Dar es Salaam, nzuri tu, na mtoto wetu mkubwa yuko darasa la tatu. Ungetegemea mume ndiye atake kwenda na mke ndiye akatae, sivyo? Wapi! Aliyerukaruka sebuleni ni mimi. Nikamwambia Mwanza maisha ni rahisi, sato wanauzwa bei ya kutupa, foleni hakuna, watu wana heshima, jioni upepo wa ziwa unakubembeleza mwenyewe.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mke wangu, mara ya mwisho kufika huko ni lini?"

Nikahesabu. Novemba 2009, siku ya mahafali yangu.

"Basi twende tukauone kwanza," akasema. "Siwezi kuhamia kwenye hadithi."

Tukawapeleka watoto kwa bibi yao, tukaomba ruhusa ya siku nne kazini. Ilikuwa Septemba.

MAWE YAPO PALEPALE

Enzi zangu Dar–Mwanza ilikuwa ni basi, zaidi ya kilomita 1,100, na ukishuka miguu imevimba kama ya mjamzito. Hata hivyo waliotutangulia chuoni walituona tumedekezwa. Wao, kwa ubovu wa barabara ya kati, walizunguka kwa kupitia Nairobi, wakagonga mihuri ya nchi jirani ili wafike mkoa mwingine wa nchi yao wenyewe! Safari hii tulipanda ndege, kama saa moja na nusu hivi. Ilipoanza kushuka nikamsukuma mume wangu akae dirishani. Chini kulikuwa na maji yasiyo na mwisho, visiwa vidogo, na yale mawe.

Mawe ya Mwanza ni lazima uyaone ndipo uamini. Yamebebana moja juu ya jingine, makubwa kama nyumba, utafikiri kuna mtoto wa jitu aliyeitwa kula akaacha michezo yake chini. Wataalamu wa miamba wanasema umri wake unazidi miaka bilioni mbili. Lile maarufu, Jiwe la Bismarck, lenye jina la Kansela wa Ujerumani wa enzi hizo, bado limesimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, na watu bado wanapiga nalo picha. Tulipiga na sisi.

Mengine yote yalikuwa yananishangaa kama nilivyoyashangaa. Rock City Mall sikuiacha, nimeikuta. Vilima nilivyoviacha na nyumba chache sasa vimejaa hadi kileleni, nyumba zimejibana katikati ya mawe. Nilipomaliza wimbo wangu wa "oh, zamani hapa palikuwa wazi", mume wangu alikuwa anamhoji dereva wa teksi: maji yanapandaje kule juu? Shule nzuri ziko upande gani? Mvua kubwa ikinyesha barabara hii inapitika? Wakati huo nikagundua kuwa tumepanda gari moja lakini tunaangalia miji miwili. Mimi nilikuwa natafuta nilichokiacha. Yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuweka familia.

Jioni tukatembea kwa miguu mpaka Makoroboi, mtaa uliopata jina lake kutokana na koroboi, vile vitaa vya mafuta ya taa vilivyokuwa vikitengenezwa kwa makopo. Tukamalizia Capri Point, jua likizama. Kutoka hapo unakiona Kisiwa cha Saanane. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa, moja ya zile ndogo kabisa nchini. Ni dakika chache kwa boti. Kama mko wawili na mna nusu siku tu mjini, nendeni huko.

CHAPATI MBILI BILA CHAI

Siku ya pili ndiyo niliyokuwa naisubiri na kuiogopa. Nikakataa teksi, nikamwambia mume wangu tunapanda daladala kama wanafunzi. Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, halafu unaingia Malimbe.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT kama kinavyoitwa na wengi, kina historia ndefu kuliko jina lake. Nyegezi palianza kutoa mafunzo mwaka 1960 chini ya wamisionari wa Kikatoliki, na waandishi wengi wa habari wa nchi hii wamepitia pale kabla hata hapajaitwa chuo kikuu mwaka 1998. Mimi nilifika mwaka 2006 kusomea biashara. Bodi ya Mikopo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze kazi. Bumu likitoka, Malimbe nzima inanukia kuku. Likichelewa, tunakula michembe na kusema tunapunguza uzito. Simu ilikuwa ya kubip, barua pepe unaisoma intaneti kafe kwa kulipia dakika, na kutumiwa hela na nyumbani ilikuwa kazi kwelikweli mpaka M-Pesa ilipoingia mwaka 2008.

Geto letu sikulipata. Palipokuwa na zile vyumba vinne vya bati pana hosteli ya ghorofa. Mti tuliokuwa tunajisomea chini yake haupo. Vijana walipita wametega masikio kwenye simu zao, wakatuamkia "shikamoo". Jamani! Shikamoo ya kwanza kutoka kwa mwanafunzi wa chuo ulichosoma inauma kuliko sindano.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipomwona mama aliyetulisha kwa mkopo miaka mitatu. Kibanda chake sasa ni duka la matofali lenye friji mbili, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuombea: "Mwadila, mayu." Akanitazama muda mrefu.

"Wewe," akasema, "si ndiye wa chapati mbili bila chai?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ndivyo nilivyoandikwa kwenye daftari lake, maana chai niliikwepa ili nibakishe hela ya nauli ya mjini. Mama akamvuta kiti mkwe wake, akamwagia stori zote. Jinsi nilivyolia mwaka wa kwanza nilipopata sapu ya hesabu. Jinsi nilivyokuwa nasuka wenzangu Jumamosi ili nimtumie mdogo wangu ada. Hilo la kusuka sijawahi kumwambia mume wangu. Sio siri, sikuona tu kama ni jambo. Lakini nilimwona anavyonitazama. Tumeoana miaka tisa, na kila mwezi tunabishana kwa nini naweka hela pembeni hata tukiwa na shida. Siku hiyo alinyamaza, akanishika mkono mbele ya mama mzima.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza mama kama tukihamia Mwanza tutafute nyumba huku Malimbe. Alinijibu bila kupepesa macho: "Huku ni kwa wanafunzi. Wewe sasa ni mama wa watu."

MUME WANGU APATA MWANZA YAKE

Siku ya tatu yeye ndiye aliyeniamsha. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Mwaloni, Kirumba, soko la samaki. Enzi zangu nilikuja hapa mara chache, kununua dagaa wa kupeleka nyumbani likizo. Yeye, mtoto wa pwani aliyekulia kwenye harufu ya samaki, alikuwa kama amefika kwao. Aliwauliza wachuuzi kila kitu. Akaelezwa dagaa wanavyoanikwa, namna sangara wa chumvi, kayabo, wanavyofungwa kusafirishwa hadi Kongo, na jinsi mbalamwezi inavyoharibu kazi ya wavuvi wa dagaa wanaotegemea taa usiku.

Wachuuzi wenyewe walimwambia pia kuwa samaki sio kama zamani. Sangara sio mwenyeji wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950, akawala furu wa aina nyingi hadi wengine wakatoweka. Halafu viwanda vikaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Nilipofika chuo mwaka 2006 mji mzima ulikuwa bado umechemka kwa sababu ya filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004 na kuonyesha umaskini na mapanki ya Mwanza kwa dunia nzima. Rais Kikwete aliipinga hadharani, watu wakaandamana, na sisi darasani tukagawanyika pande mbili. Nilimsimulia mume wangu tukinywa supu ya sato. Aliniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Umenipa sababu nzuri ya kuja kufanya kazi hapa kuliko zile za upepo."

Mchana tukakodi gari hadi Kigongo. Mwaka 2008 nilifanya fildi Sengerema, na kila Ijumaa nilirudi kwa kivuko cha Busisi. Unafika Kigongo, unakuta magari yamepanga mstari, unanunua mahindi ya kuchoma, unasubiri. Siku mbaya saa mbili zinakwisha hujavuka. Sasa kuna Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Tulilivuka kwa dakika chache. Nilikuwa nimeshaandaa stori ya foleni ya kivuko, daraja likaisha kabla sijafika katikati. Tukageuza, tukavuka tena taratibu ili niimalizie.

UKIFIKA NIPIGIE

Jioni hiyo ya mwisho tulikaa ufukweni upande wa mjini tukiangalia meli. MV Victoria ipo. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama kwa miaka kadhaa, na mwaka 2020 ikarudi majini baada ya ukarabati mkubwa ikiitwa New Victoria. Inakwenda Bukoba usiku, inafika asubuhi.

Nikamwambia mume wangu kuhusu meli ile. Mwaka 2008 kulikuwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Alimaliza mitihani, nikamsindikiza bandarini, akaniambia akifika Bukoba atapiga, na baada ya mwezi mmoja atarudi tuongee mambo ya nyumbani. Hakupiga. Siku mbili za kwanza sikulala, nikidhani meli imepata tatizo. Watu wa Mwanza hawachukulii hilo kimzaha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika, wakafa watu zaidi ya 800, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Mama mwenye nyumba wetu alipoteza ndugu siku ile, na hakuna mpangaji wake aliyesafiri bila kuambiwa: ukifika nipigie. Baadaye nikasikia kwa watu kwamba yule kaka alifika salama siku ileile. Hakuona tu sababu ya kupiga.

Mume wangu alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo ule ugomvi wetu wa Mbeya..."

Ndiyo. Ule wa Mbeya, na wa Arusha, na wa Mtwara. Kila anaposafiri kikazi akachelewa kupiga, nawaka moto mpaka majirani wanajua. Yeye miaka yote alidhani simwamini na wanawake. Mimi miaka yote nilidhani amenielewa. Hatukuwahi kukaa tukalifungua jambo lenyewe, maana Dar nani ana muda? Ilibidi tukae mbele ya meli yenyewe.

Sisemi umtoe mpenzi wako wa zamani kaburini kila mkikaa kula. Lakini kuna majeraha ambayo mwenzako anayalipia bila kujua yalitoka wapi. Ukimwonyesha mahali, anaacha kujitetea na anaanza kusikiliza. Nilichokiona ni kwamba stori iliyonitisha miaka yote, nilipoisimulia palepale ilipotokea, haikuchukua hata dakika kumi.

JIBU TULILOTOA

Kwenye ndege ya kurudi tuligeuziana. Yeye sasa ndiye aliyetaka Mwanza, mimi ndiye niliyekuwa natafuta kasoro. Nilipojichunguza niliona sababu. Mwanza niliyoitamani pale sebuleni ilikuwa ya msichana wa miaka 21 asiye na mtoto, asiye na mkopo wa benki, anayeamka saa nne Jumamosi. Hata wakinihamishia Malimbe na godoro langu, huyo harudi. Mji wenyewe upo, una kazi, una shule, una shida zake za kawaida, na unastahili kuamuliwa kwa hayo.

Kwa hiyo tulichukua karatasi. Tukakubaliana aripoti Januari peke yake. Mimi na watoto tubaki Dar hadi shule zifunge Juni, na ndani ya miezi hiyo mimi niulizie kazi Mwanza na kuiomba ofisi yangu uhamisho. Kama Juni ikifika sina kazi, tunakaa mezani upya, na hakuna wa kumwambia mwenzake "lakini uliahidi". Nyumba itafutwe karibu na shule ya watoto. Malimbe tutakwenda Jumapili kula chapati.

Na mstari wa mwisho aliuandika yeye mwenyewe, bila kuombwa, kwa kalamu ya mhudumu wa ndege: nikifika nitapiga.

KAMA NA WEWE UNATAKA KUMPELEKA WAKO

Msiende wakati wa mahafali au mkutano wa waliosoma pamoja. Utamezwa na wenzako, naye atabaki na soda yake ileile. Nendeni wawili tu, wiki ya kawaida.

Siku ya kwanza mwonyeshe mji kama mgeni yeyote. Siku ya pili mpeleke mahali pako. Kuanzia siku ya tatu mwache yeye achague, hata kama anachokichagua wewe hukuwahi kukipenda.

Mkute angalau mtu mmoja aliyekujua wakati huna kitu. Atakachomwambia mwenzako hakuna picha itakayoweza kukionyesha.

Kwa Mwanza, Juni hadi Septemba hakuna mvua nyingi. Beba viatu vya kupanda mawe, na msiogelee ovyo ziwani, kichocho kipo. Sato agiza wa kuchoma, na ule kwa mkono.

Na ukishamaliza kumtembeza kwako, uwe tayari kutembezwa. Zamu inayofuata ni Tanga. Nimeshaambiwa kuna shangazi wanne wananisubiri, na kila mmoja ana daftari lake.